Jinsi ya kutumia "disastrously" na majirani zake bila kukosea

Kila muhula maswali ni yale yale. "Mwalimu, niandike failed disastrously au failed badly?" "Mbona umenikatia disasterously?" "Miserably si maana yake ni kwa huzuni?" Wanaouliza si wazembe. Ni watu wanaojitahidi, na vitabu vingi vya shule huwapa neno moja tu, "badly", kisha huwaacha njiani. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili ukikwama urudi hapa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeandika Kiingereza huku akiwaza kwa Kiswahili: mwanafunzi wa sekondari, ripota anayeanza kazi, mfasiri, au mtumishi anayeandikia mashirika ripoti za miradi. Neno letu kuu ni "disastrously". Nitaleta pia majirani zake, kwa kuwa huwezi kulijua vizuri bila kujua linapoishia na jingine linapoanzia.

Kabla hatujaanza, shika jambo hili moja. Kiswahili hutia uzito wa anguko kwenye kitenzi chenyewe. Tunasema mazungumzo yamegonga mwamba, mgombea ameambulia patupu, timu imegaragazwa, mambo yametumbukia nyongo. Kila kitenzi kimebeba aina yake ya kushindwa. Mwingereza mara nyingi hutumia kitenzi kile kile chepesi, "fail", halafu kazi ya kusema ni anguko la namna gani anakiachia kielezi. Kwa hiyo ukichagua kielezi unachagua aina ya anguko, na ukichagua ovyo utakuwa umesema habari nyingine.

Unachohitaji

- Sentensi yako kwa Kiswahili, ikiwa kamili. Usianze na nusu wazo.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ya wanafunzi, ya karatasi au ya simu. Ya simu ina faida ya kukusomea matamshi.
- Ukweli wa tukio: nini kiliharibika, nani aliumia, hasara ilikuwa kiasi gani, lilitokea ghafla au polepole. Usipojua haya hakuna kamusi itakayokusaidia.

Hatua ya 1: Hakikisha kuna madhara

"Disastrously" maana yake ni vibaya kiasi cha kuleta hasara kubwa au maafa. Hasara ndiyo roho ya neno hili.

Mfano ninaoupenda ni wa hapa hapa kwetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha kilimo cha karanga Tanganyika. Kongwa ndiyo ilikuwa kitovu, pamoja na Urambo na Nachingwea. Walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3. Mizizi ya pori iliyavunja matrekta. Mvua za Kongwa hazikutosha. Udongo wake wa mfinyanzi ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, karanga zikawa hazing'oleki. Januari 1951 mpango ukafutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimeteketea. Hapo unaandika bila wasiwasi:

"The groundnut scheme failed disastrously."

Angalia pia kile ambacho neno halisemi. Halisemi kwamba hakikubaki kitu. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango huo na meli zinatia nanga pale hadi leo. Ukiandika "failed totally" mtu anayeijua Mtwara anaweza kukupinga. Ukiandika "failed disastrously" hakupingi, maana unazungumzia hasara.

Onyo: usilitumie kwa mambo madogo. "I failed the driving test disastrously" humfanya msomaji aulize umegonga nani. Kama hukugonga mtu wala ukuta, "badly" inatosha.

Hatua ya 2: Liandike sawasawa

Nomino ni "disaster", ina e. Kivumishi ni "disastrous", e imeondoka. Kielezi ni "disastrously". Kosa la "disasterously" ndilo ninalolikuta mara nyingi kuliko yote, na linaeleweka, kwa sababu mtu anachukua nomino nzima na kuibandika mkia. Andika hivi kichwani: disastr + ous + ly.

Hatua ya 3: Litamke

di-ZAAS-tras-li. Silabi nne, mkazo kwenye ya pili, na s ya kwanza husikika kama z. Sisi tumezoea kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndiyo maana ulimi hutaka kusema di-sas-TRAS-li. Mwingereza atakuelewa, ila baada ya kufikiri kidogo. Sema mara kadhaa kwa sauti, kisha songa mbele.

Hatua ya 4: Pima kwa "vibaya"

Hapa Kiswahili kinakupa msaada ambao wanafunzi wa nchi nyingine hawana. Swali ni lini uandike "disastrous" na lini "disastrously". Chukua sentensi yako ya Kiswahili na utazame mzizi -baya.

"Matokeo yalikuwa mabaya mno." Hapo -baya imefuata ngeli ya matokeo. Hicho ni kivumishi, basi Kiingereza chake ni "disastrous": "The results were disastrous."

"Walishindwa vibaya mno." Badilisha mtendaji: timu ilishindwa vibaya, jeshi lilishindwa vibaya, nilishindwa vibaya. Neno halitikisiki. Hicho ni kielezi, basi andika "disastrously".

Kuna mtego mmoja. Nomino za wingi katika ngeli ya KI-VI hufanya kivumishi nacho kiwe "vibaya". Ukiona "Vikao vilikuwa vibaya", usikimbilie kielezi. Irudishe sentensi kwenye umoja: "Kikao kilikuwa kibaya." Neno limebadilika, kwa hiyo ni "disastrous". Lakini "Vikao viliisha vibaya" kwa umoja ni "Kikao kiliisha vibaya". Halikubadilika. "The meeting ended disastrously."

Kwa hiyo baada ya "was", "were", "seemed", "looked" na "proved", mara nyingi utahitaji kivumishi. "The decision was disastrously" ni sentensi iliyokatika katikati. Msomaji anangoja uimalizie.

Hatua ya 5: Liweke mahali pake

Lina sehemu nne za kukaa.

Ya kwanza ni mwisho, baada ya kitenzi: "The talks ended disastrously." Kitenzi kikiwa na yambwa, yaani kile kinachotendwa, kielezi kinasubiri hadi yambwa ipite: "They managed the project disastrously." Hapa ndipo Kiswahili kinapotuponza. Sisi tunasema bila tatizo "alifeli vibaya mtihani wa hesabu", kielezi kikiwa katikati ya kitenzi na yambwa. Ukihamisha mpangilio huo unapata "he failed disastrously the exam", na hiyo Kiingereza hakikubali.

Ya pili ni mbele ya maneno kama "wrong", "low", "late" na "short". "Everything went disastrously wrong." Tahadhari: ni "wrong", si "wrongly". Wengi huona -ly moja wakadhani na jirani yake anahitaji nyingine.

Ya tatu ni mbele ya kitenzi cha kukadiria au kuamua: "The planners disastrously misjudged the soil at Kongwa."

Ya nne ni mwanzo wa sentensi, likifuatwa na koma, kama maoni ya mwandishi juu ya jambo zima. Kuhusu Titanic ya Aprili 1912: "Disastrously, the lifeboats had room for only about half of the people on board." Nafasi hii ina nguvu sana. Itumie mara moja katika makala, isizidi.

Vitenzi vinavyoandamana nalo vizuri ni "fail", "end", "go wrong", "backfire", "misjudge", "miscalculate" na "perform". Usiliambatishe na "very". Neno lenyewe limeshafika kileleni, na "very" inalishusha. "So disastrously that..." ni sawa kabisa, kwa sababu inaleta tokeo mbele yake.

Hatua ya 6: Uliza ni anguko la aina gani

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo muda mrefu. Kabla ya kuandika "disastrously", jiulize kama jirani yake hakufai zaidi.

*Miserably.* Hili ni la mtu aliyejaribu, akajitutumua, akaambulia patupu. Mkazo uko kwenye juhudi na aibu yake, hasara ya wengine haimo. "I tried to repair the phone myself and failed miserably." Likiwa na "fail" halina habari ya machozi. Maana ya huzuni na dhiki hurudi likiandamana na vitenzi vingine: "They lived miserably" ni waliishi kwa taabu. Tamka MIZ-ra-bli, bila kuisoma kila herufi. Kwa kushindwa kwako binafsi, hili ndilo la kawaida kuliko yote.

*Abysmally.* Linatokana na neno la Kigiriki la kitu kisicho na kina cha mwisho, shimo lisilo na chini. Basi litumie kwa mambo yenye kiwango cha kupanda na kushuka: alama, mahudhurio, mishahara, uchezaji. "Attendance was abysmally low." "The team played abysmally." Tamka a-BIZ-ma-li. Halisemi kwamba kuna aliyeumia. Linasema kiwango kilikuwa chini hadi huoni pa kukanyaga.

*Catastrophically.* Ghafla, na kwa ukamilifu. Wahandisi wamelifanya neno lao la kazi: kifaa ki-"fail catastrophically" kinapovunjika chote kwa pamoja, bila kulegea taratibu na kukupa muda wa kukirekebisha. Mfano ni Daraja la Tacoma Narrows katika jimbo la Washington, Marekani. Lilifunguliwa Julai 1, 1940. Novemba 7 mwaka huo huo, upepo wa takriban kilomita 64 kwa saa ulilitikisa likawa linajinyonga huku na huku, mpaka sehemu ya kati ikakatika na kutumbukia majini. "The bridge failed catastrophically." Hakuna mtu aliyekufa siku ile, alikufa mbwa mmoja aliyeachwa ndani ya gari, na bado sentensi ni sahihi, kwa sababu mhandisi hapa hahesabu maiti, anaeleza namna chuma kilivyoachia. Nje ya uhandisi hukaribiana sana na "disastrously". Tahajia: mwisho ni -ically, yaani kuna "al" hapo katikati ambayo haisikiki ukitamka.

*Spectacularly.* Mbele ya macho ya watu. Julai 8, 2014, Belo Horizonte, kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, Ujerumani waliwafunga wenyeji Brazil mabao 5 ndani ya nusu saa ya kwanza, mwisho 7–1. "Brazil's defence failed spectacularly." Dunia nzima ilikuwa inatazama, ndiyo maana neno linakaa. Neno hili hutumika kwa mazuri pia: "spectacularly beautiful" ni sifa.

Naomba hapa unisikilize kwa makini. Usiandike "spectacularly" pale watu walipokufa. Linageuza msiba kuwa tamasha. Ukiandika habari za MV Bukoba, iliyozama Ziwa Victoria karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu, neno hilo linawadhalilisha marehemu na waliowazika. Kwa habari kama hiyo hata "disastrously" usiliwahi. Sema kilichotokea na idadi ya waliopotea, na uache hapo.

*Dismally.* Utalikuta kwenye magazeti ya Kiingereza ya Kenya msimu wa matokeo ya mitihani: "performed dismally". Ni jirani wa "abysmally", ila lina sauti ya kukatisha tamaa zaidi kuliko ya kipimo.

*Woefully.* Hili ni la upungufu. Liweke mbele ya "inadequate" au "unprepared", basi.

*Terribly* na *awfully.* Ukiziona, usizichukulie kwa sura. Mara nyingi maana yao ni "sana" tu. "I'm terribly sorry" ni pole au samahani sana, na "awfully nice" ni sifa. Ukitaka kusema mtu ameanguka vibaya, "failed terribly" itaeleweka, ila haina nguvu unayoidhania, na msomaji hajui anguko lilikuwa la namna gani.

Hatua ya 7: Ukirudi kwenye Kiswahili, tafuta kitenzi

Hatua hii ni ya wafasiri. Kosa ninalolikuta kila mara ni kutafuta kielezi kinacholingana na kielezi. Ndipo tunapata "mpango ulifeli kimaafa" au "mazungumzo yaliisha kwa maafa makubwa". Hakuna bibi yeyote, Pemba wala Lamu, anayesema hivyo.

"The talks ended disastrously." Mazungumzo yaliishia pabaya. Usiandike yaligonga mwamba, maana hayo ni mazungumzo yaliyokwama tu. Kesho yanaweza kuendelea.

"The plan backfired disastrously." Mpango uliwatokea puani. Kielezi hakionekani tena, na hakuna kilichopotea.

"Everything went disastrously wrong." Mambo yalikwenda mrama, au yaliharibika vibaya, kutegemea hasara iliyotajwa mbele yake.

"Rainfall was disastrously low." Mvua zilikuwa haba kiasi cha kuleta maafa. Hapa maafa yenyewe yamerudi, lakini kama nomino, mahali panapoyafaa. Usiongeze kwamba mazao yaliungua kama mwandishi hakusema. Unaweza kuhisi unamsaidia msomaji, kumbe unamtungia.

Ukikwama

*Kompyuta inaweka mstari mwekundu chini ya neno.* Kwa asilimia kubwa umeiacha ile e. Rudi hatua ya 2.

*Mwalimu amezungushia neno bila maelezo.* Tazama kitenzi kilichotangulia. Kama ni "was" au "were" na hakuna neno jingine baada ya kielezi, badilisha liwe "disastrous". Kama yambwa imekuja baada ya kielezi, hamisha kielezi kiende mwisho.

*Unaambiwa umetia chumvi.* Msikilize anayekuambia. Weka "badly" mahali pake usome tena. Kama hakuna kilichopungua, neno kubwa halikuhitajika. Katika ripoti ya mradi, mara nyingi takwimu hufanya kazi vizuri kuliko kielezi chochote: taja kiasi kilichopotea, na msomaji ataona mwenyewe.

*Huwezi kuamua kati ya "disastrously" na "catastrophically".* Uliza: liliharibika polepole au kwa mara moja? Mpango wa karanga ulichukua miaka kuanguka. Daraja lilikatika asubuhi moja.

*Una sentensi mbili zinazofuatana, zote zina vielezi hivi.* Ondoa kimoja. Viwili vikikaa karibu hupunguzana nguvu, hata kama kila kimoja ni sahihi.

*Umefeli mtihani na unataka kumwandikia rafiki kwa Kiingereza.* "I failed miserably" ni ya kirafiki na ya kawaida. Kama matokeo yamekufungia mlango, mathalani umepata divisheni ziro na nafasi ya kidato cha tano imekwenda, "My results were disastrous" inasema kweli. Kumbuka ni kivumishi.

Jipime

Fasiri sentensi hizi kabla ya kusoma majibu.

1. Nguzo za ghala zilikatika zote ghafla.
2. Nilijaribu kupika pilau ya harusi peke yangu, nikaambulia patupu.
3. Uamuzi wa kuchelewesha mbegu ulikuwa mbaya mno. Msimu mzima ulipotea.

Ya kwanza: "The pillars of the warehouse failed catastrophically." Neno "ghafla" na neno "zote" ndiyo yaliyokupa jibu.

Ya pili: "I tried to cook the wedding pilau on my own and failed miserably." Kama wageni waliugua matumbo, hapo sasa "disastrously" inaweza kuingia.

Ya tatu: "The decision to delay the seed was disastrous. The whole season was lost." Kama uliandika "disastrously", weka "maamuzi" badala ya "uamuzi" kwenye sentensi ya Kiswahili, uone -baya inavyobadilika kuwa "mabaya".